Zohali (Shani) kwenye unajimu wa Kihindi: mantra, mafuta ya Jumamosi, na kwa nini usikimbilie pete ya jiwe la buluu

#1 Mleta uzi

Habari zenu wanajamvi.

Uzi huu nimeukalia karibu mwaka. Kilichonisukuma ni kwamba ndani ya mwezi mmoja nimeona humu watu watatu wakiuliza kuhusu "sade sati", ile miaka saba na nusu ya Zohali, kila mmoja na hofu yake, na wote watatu wakajibiwa jambo lile lile: tafuta pete ya nilam, yaani yakuti ya buluu. Mmoja akasema ameshakopa kwa ajili hiyo. Hapo nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekosa. Nisomeni taratibu, ni mrefu.

Niliingiaje kwenye mambo haya? Kuanzia 2003 hadi 2017 nilikuwa mtunza stoo kwenye duka la vyuma hapa Dar, la familia ya Kigujarati. Nondo, mabati, misumari, waya wa kufungia. Mama mzazi wa bosi sote tulimwita Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama au bibi. Ba alikuwa na sharti moja ambalo hata mwanawe hakuthubutu kulivunja: Jumamosi chuma hakinunuliwi. Kuuza sawa, kununua hapana. Lori la nondo likitarajiwa Jumamosi, hela inalipwa Ijumaa kabla ya magharibi. Mafuta ya kula ya nyumbani nayo vivyo hivyo, yanunuliwe siku nyingine.

Siku moja ya Jumamosi nilitumwa jikoni kwake kuchukua funguo. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mbele yake kibakuli cha chuma kimejaa mafuta ya ufuta. Ameinama, anajitazama uso wake ndani ya mafuta. Hakuniangalia. Alikaa vile mpaka mafuta yakatulia kabisa, miwani yake ikawa inaonekana mle ndani kama iko chini ya maji. Kisha akatumbukiza sarafu, akafunika kwa kitambaa cheusi, akanipa nipeleke hekaluni Kisutu. Akasema, "Hii kivuli yangu. Nampa yeye. Wewe usifunue njiani."

Sadaka hiyo inaitwa chhaya daan, sadaka ya kivuli. Na Chhaya, yaani Kivuli, ndilo jina la mama yake Shani kwenye masimulizi yao. Baba yake ni Surya, jua. Mtoto wa jua na kivuli. Nilipoelezwa hivyo ndipo nikaelewa kwa nini ajuza yule anajitazama kwenye mafuta: anampelekea mtoto kitu cha mama yake.

Sasa tuje kwenye Zohali yenyewe. Wahindi wanaiita Shani, kwa kirefu Shanaishchara. Kwa Kisanskriti shanaih ni polepole, chara ni aendaye. Aendaye polepole. Angani ndivyo ilivyo: inalizunguka jua mara moja kwa miaka 29 na nusu hivi, kwa hiyo kila nyota kati ya zile kumi na mbili inaikalia kama miaka miwili na nusu. Katika sayari zote walizozijua watu wa kale hakuna iliyo nzito wa mwendo kuliko hiyo.

Kwenye Jyotish, ndilo jina la unajimu wao, kinachotazamwa kwa jambo hili ni nyota ambayo MWEZI ulikuwamo ulipozaliwa. Shani akiingia nyota iliyo nyuma ya hiyo, hesabu imeanza. Humo miaka miwili na nusu, juu ya nyota yako yenyewe miwili na nusu, kwenye inayofuata miwili na nusu. Saba na nusu, na ndiyo maana ya maneno "sade sati". Wagujarati wengi husema panoti. Kwa vile mzunguko mzima ni miaka 29 na nusu, mtu akijaliwa umri mrefu ataipitia mara tatu. Kila mtu. Tajiri, maskini, huyo mnajimu anayekutisha, wote.

Kwa hesabu ya Kihindi Shani aliingia Samaki tarehe 29 Machi 2025. Wenye mwezi kwenye Ndoo wako awamu ya mwisho, Samaki katikati, Punda wameanza. Wenye mwezi kwenye Simba na Mshale wana ile ndogo ya miaka miwili na nusu inayoitwa dhaiya. Juni 2027 anaanza kuingia Punda.

Mimi mwezi wangu uko Mizani. Yangu ilianza 2009 ikaisha 2017. Ndani yake nilimzika baba, nikaingia deni la kiwanja ambacho kilikuwa na wenyewe wawili, na mgongo ukaniharibikia. 2012 nikaenda kwa mtaalamu mmoja, simtaji, akanitolea chati iliyochapwa rangi, akanionyesha kidole kwenye Zohali, akaniuzia pete ya nilam kwa laki nne na nusu. Mshahara wangu haukufika hapo. Miezi sita baadaye sonara akaiangalia kwa lenzi yake, akanirudishia bila kusema neno, kisha akasema, "Kioo." Nilikuwa nimempa fundi mzee wa duka letu ahadi ya kumsaidia ada ya mwanawe mwezi ule. Hela ile ndiyo iliyokwenda kwenye kioo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko kiwanja.

Ba aliposikia hakunicheka. Alinifundisha mantra.

Om Sham Shanaishcharaya Namaha.

"Sham" ndiyo mbegu ya Shani, sauti yake. "Namaha" ni kuinama kwa heshima. Katikati ni jina, Aendaye polepole. Basi. Ugumu uko kwenye "shch", maana ulimi wetu unataka kuirahisisha. Nilikuwa nasema "Shanicharaya" na kila nikikosea alinigonga ukucha na kijiko.

Hesabu ya mapokeo kwa Shani ni mara 23,000. Tasbihi yao, mala, ina shanga 108. Ukifanya mizunguko sita kwa siku, siku ya 36 unakuwa umefika 23,328. Unaanza Jumamosi, jioni jua likizama, umeelekea magharibi ambako ni upande wake. Shanga unazisukuma kwa gumba na kidole cha kati, kidole cha shahada hakigusi. Ile shanga kubwa ya mwisho, meru, huivuki: unageuza mala na kurudi ulikotoka. Ukikosa siku, Ba alisema usilipize kesho yake kwa kuharakisha kumi na mbili. Ongeza siku mwishoni. "Yeye hapendi haraka."

Mizunguko sita ni dakika arobaini hivi. Siku za mwanzo magoti yaliuma na akili ilikuwa kwenye deni. Wiki ya tatu nikagundua nimeanza kulala. Deni halikufutika, nililimaliza 2016 kwa kukatwa mshahara. Ila nililimaliza nikiwa mzima.

Na sharti la pili la Ba, ambalo aliliweka sawa na mantra: katika Jyotish Shani ndiye anayewasimamia vibarua, watumishi, wazee, vilema na wanaofanya kazi chafu. Ndiyo maana sadaka zake ni blanketi, viatu, ufuta mweusi, choroko nyeusi (wao wanaiita adad), na wanapewa wale. Ukimtamkia mantra jioni na mchana umemdhulumu kibarua ujira, umefanya kazi bure. Nilikwenda kwa yule fundi, nikamlipia mwanawe muhula uliofuata kidogo kidogo.

Hilo ndilo langu. Dawa ya Shani inalipwa kwa muda wako na kwa haki ya waliopo chini yako. Anayekuuzia njia ya mkato anakuuzia kitu ambacho mwenye jina la "polepole" hajawahi kuwa nacho. Karibuni kwa maswali.

#2 Fundi wa Mbagala

Mkuu ahsante kwa uzi. Nimezaliwa 3 Machi, magazetini mimi ni Samaki. Kwa hiyo mimi ndiye niko katikati kabisa? Maana mwaka huu nimeibiwa mashine ya kuchomelea na mteja mkubwa amenikimbia. Nilikuwa nishaanza kuogopa kabla sijasoma hata nusu.

#3 Mleta uzi

Pole sana kwa mashine, ndugu yangu. Shusha pumzi kwanza.

Samaki ya magazeti ni nyota ya jua, na kwa hesabu ya kizungu. Wahindi wanapima kwa nyota zenyewe zilivyo angani, na kati ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya kama nyuzi 24. Kwa hiyo hata jua lako wewe kwao liko Ndoo. Na juu ya hapo sade sati inaangalia mwezi, ambao unaweza kuwa popote kati ya zile kumi na mbili. Tarehe peke yake bila mwaka haisemi kitu.

Weka tarehe, mwaka na mahali ulipozaliwa kwenye programu yoyote ya Jyotish ya bure. Usihofu kama mama hakumbuki saa. Mwezi unakaa nyota moja zaidi ya siku mbili, kwa hiyo mara nyingi siku inatosha.

Ila hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwa watu wetu wengi mno. Mama akikwambia ulizaliwa saa mbili asubuhi, programu iandikie 08:00. Watu wanaandika 02:00! Mwezi unasogea nyuzi tatu na kitu hivi, pengine hauhami nyota, lakini ile nyota inayochomoza, lagna, inabadilika kila saa mbili takriban. Ukikosea saa sita, umeikosa kwa nyota tatu, na chati yote ni ya mtu mwingine. Kuna watu wametishwa na kuchangishwa hela kwa chati ambayo si yao.

#4 Bint Pemba

Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Marehemu babu alikuwa na vitabu vya falaki, na Zohali kwake ilikuwa nuhusi kubwa, Jumamosi ni siku yake, na saa ya kwanza ya Jumamosi baada ya jua kuchomoza ni saa ya Zohali. Alitutajia buruji, zile nyota kumi na mbili: Hamali, Thauri, Jauza mpaka Hutu. Nashangaa ninavyoona yanalingana.

Lakini niseme wazi kaka, kumtamkia jina la mungu wa Kihindi mara elfu ishirini na tatu, kwetu hiyo ni shirki na hakuna mjadala. Isije mtu akasoma akaona ni zoezi la kupumua tu.

#5 Mleta uzi

Waalaykum salaam dada. Nakushukuru kwa kulisema, na sitalipamba. Mantra ni sifa kwa mungu wao. Anayekwambia ni "sauti tu" anakuficha. Mimi ni Mkristo wa kuzaliwa, nilihangaika nalo, na nilimwambia Ba hivyo hivyo. Alijibu kwamba asiyeweza mantra aache mantra, afanye sadaka na akae kimya jioni saa ile ile, na asimdhulumu mtu. Mimi nilichagua kuitamka, na hilo nitaliulizwa mimi. Aliye na dini inayomkataza asiitamke, na hajapungukiwa.

Kuhusu kulingana, ni kweli. Hata Wahindi saa ya kwanza ya Jumamosi ni ya Shani, kisha inarudi ya nane, ya kumi na tano na ya ishirini na mbili. Elimu hizi zimeonana siku nyingi, na bahari iliyozionanisha ndiyo hii yetu. Babu yako na Ba wangekaa wakaelewana.

#6 Mzee wa Ngara

Mimi ni Mgujarati wa Nairobi, babu yangu alizaliwa Mombasa. Umeandika vizuri lakini umemwacha Hanuman, mungu wetu mwenye umbo la nyani, na kwetu huwezi kumtaja Shani bila yeye. Jumamosi nyumbani kwetu hakuna anayekwenda kwa Shani moja kwa moja. Tunakwenda kwa Hanuman, tunampa mafuta, sindoor (ile poda nyekundu), adad, na shada la yale maua ya kichaka chenye utomvu mweupe, tunayaita aankda. Inasimuliwa kwamba Ravana, mfalme wa majitu, alimfunga Shani kule Lanka, Hanuman akamfungua, na Shani akaahidi hatawasumbua wanaomtegemea Hanuman. Pale Sarangpur, Gujarat, utamwona Shani yuko chini ya mguu wa Hanuman kwa umbo la mwanamke, maana alijigeuza akijua Hanuman hainui mkono juu ya mwanamke. Mama alisoma Hanuman Chalisa, utenzi wa kumsifu, kila Jumamosi mpaka akafa. Beti arobaini, kwa moyo.

Na juu ya nilam sikubaliani nawe. Mama aliivaa miaka thelathini na ilimfaa. Uliuziwa kioo, hiyo ni kosa ya mwizi, si kosa ya jiwe.

#7 Mleta uzi

Mzee wangu shikamoo, na ahsante. Kwa Hanuman umenirekebisha, nilipaswa kuanza naye. Ba alikuwa na picha yake ya Sarangpur juu ya mlango wa stoo.

Kwenye jiwe nakubali nusu. Kwa mapokeo yenu wenyewe jiwe linaongeza nguvu ya sayari, wakati mantra na sadaka zinaituliza. Mama yako huenda Shani wake alikuwa mwema kwenye chati, na aliyemwandikia alijua. Ndiyo maana wazee walikuwa wanaiweka nilam chini ya mto siku tatu kwanza waone ndoto na mwenendo kabla ya kuivaa. Lakini mtu anayetishwa na Shani mbaya halafu anauziwa kitu cha kumwongezea Shani huyo nguvu, bila hata kuulizwa saa ya kuzaliwa! Mimi sikuulizwa. Tunduru na bonde la Umba zinatoa yakuti za buluu za kweli, nchi yetu hii hii, na bado watu wetu wanauziwa vioo.

#8 Mzee wa Ngara

Hapo kwa saa ya kuzaliwa umesema ukweli. Mama alitazamiwa na mtu aliyemjua tangu mtoto. Lakini jiwe lake liko kwangu na siliuzi.

#9 Darubini

Samahani kuingilia. Nimesoma fizikia. Zohali iko mbali zaidi ya kilomita bilioni moja. Haimjui mwizi wa mashine ya kuchomelea. Mnawapa watu sababu ya kutokwenda polisi.

#10 Mleta uzi

Hoja yako naipokea, na Fundi, kama hujaripoti mashine nenda leo. Sina ushahidi wa kimaabara wa kukupa na sitajifanya ninao. Ninachojua ni watu. Mtu aliyepatwa na mkosi juu ya mkosi anatafuta kalenda, anataka kujua hili lina mwisho lini. Sade sati inampa mwisho. Mtu mwovu anaitumia kalenda hiyo kumkamua, na mtu kama Ba anaitumia kumkalisha chini dakika arobaini na kumkumbusha ujira wa kibarua. Mimi nimepita mikononi mwa wote wawili.

Kisa kimoja kwa ajili yako, maana naona unapenda anga. Wanasimulia kwamba mwana wa Ravana alipokuwa anazaliwa, Ravana aliziamuru sayari zote zikae nyumba ya kumi na moja ya chati, ya faida, ili mtoto asishindwe kamwe. Zote zikatii. Shani akanyoosha mguu mmoja ukaingia ya kumi na mbili, ya hasara. Ravana akamvunja mguu, na tangu hapo anachechemea. Ba alikuwa akimaliza kisa hicho anasema, "Yeye peke yake hakuogopa mfalme." Nilimpenda Shani kuanzia siku hiyo, sikumwogopa tena.

#11 Darubini

Kisa kizuri. Bado sikubali, ila nimekuelewa.

#12 Fundi wa Mbagala

Nimeangalia kwenye programu. Mwezi wangu uko Nge. Simo kabisa! Na polisi nimekwenda, nimepewa RB.

#13 Dada wa Maskati

Nawasoma kutoka Oman. Nafanya kazi na Wahindi, nawaona wengine Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, wakienda hekalu la Shiva kule Maskati ya zamani. Mama yangu yuko Tanga, ametazamiwa na mtu, ameambiwa mwezi wake Punda na ana miaka saba na nusu ya giza, atume milioni moja na laki mbili ya kafara. Ana miaka 64. Hali chakula wala halali usingizi. Nimemtumia uzi wako wote, ameniambia nikuulize mambo mawili. Je, ni kweli ni giza miaka yote saba na nusu? Na yeye hana mala wala hajui kuhesabu mpaka 108 bila kupotea, na anaogopa kusimama mbele ya sanamu.

#14 Mleta uzi

Dada, mwambie asitume hata shilingi. Mwambie mimi nimesema, kama hilo litamsaidia.

La kwanza. Hata wanajimu wa Kihindi walio makini hawasemi saba na nusu ya giza. Wanaangalia nguvu ya mwezi wako, Shani mwenyewe amekaa wapi kwenye chati yako, na uko kwenye dasha gani, yaani zamu ya sayari ipi. Wapo wanaopandishwa cheo ndani ya sade sati. Mama akiwa na miaka 64 ameshaipitia yote mara mbili, ya kwanza akiwa mtoto, ya pili alipokuwa akikaribia arobaini. Mwulize miaka ile ya pili alilea watoto wangapi. Wewe mwenyewe huenda ulizaliwa ndani yake.

La sanamu: halazimiki kwenda popote. Na hata wanaokwenda hawasimami mbele yake, wanasimama ubavuni, kwa sababu wanasema macho yake ndiyo mazito, si moyo wake.

La kuhesabu ni rahisi. Afungue kiganja cha kulia. Vidole vinne, gumba halimo. Kila kidole kina vipingili vitatu. Tatu mara nne, kumi na mbili. Gumba linatembea kutoka kipingili hadi kipingili, kila kimoja anatamka mara moja, kama wanavyofanya wengi kwenye uradi. Akimaliza kiganja anaweka punje moja ya ufuta kwenye kisahani. Punje zikifika tisa, 108 zimetimia. Aanze na mzunguko mmoja tu, sita ni nyingi kwa magoti yake. Kama ni Mwislamu, asome uradi wake anaoujua kwa vipingili hivyo hivyo, saa ile ile ya jioni, na ufuta autie kwenye mkate ampe mtu anayemfulia au anayemchotea maji.

Leo Alhamisi. Mwambie ufuta aununue kesho, asiununue Jumamosi.